Niliyojifunza kwa kupiga dawa iliyo hai, Mwiki

Mtu akiniuliza dawa gani nzuri ya viwavi wa sukuma wiki, mimi humuuliza kwanza anapiga saa ngapi. Wengi hushangaa. Walichotaka ni jina la kwenda kulitaja agroveti, walipe, warudi shambani wamalize kazi. Lakini dawa ninazotumia siku hizi zina uhai ndani yake, nyingine ni bakteria na nyingine ni kuvu, na kiumbe hai hakijali jina lililoandikwa kwenye pakiti. Kinajali jua, unyevu, joto na maji uliyokichanganyia. Ukikipiga saa saba mchana mwezi wa Februari hapa Nairobi, umekiua mwenyewe kabla hakijamgusa mdudu hata mmoja.

Nalima Mwiki, upande wa Kasarani, kwenye udongo mweusi unaoshika maji mvua ikinyesha na kupasuka jua likizidi. Nina sukuma wiki, spinachi, managu na kivungulio kidogo (greenhouse) cha nyanya. Wateja wangu ni kina mama mboga wa mtaa. Jani ninalochuma asubuhi linakatwakatwa jioni na kuingia sufuriani usiku huohuo, mara nyingi kwenye nyumba ambayo naijua na watoto wake nawajua.

Hilo la kuchuma na kupika siku hiyohiyo ndilo lililonifikisha kwenye hizi dawa. Kabichi unaivuna mara moja ukaondoka. Sukuma wiki unachuma majani ya chini wiki hii, wiki ijayo unarudi kwa mmea uleule, miezi na miezi. Sasa soma lebo ya dawa ya kemikali: kuna sehemu imeandikwa muda wa kusubiri kati ya kupiga na kuvuna. Nyingine ni siku 3, nyingine 7, nyingine 14. Mwenye dawa ya siku 14 na wateja wanaokuja kila wiki atafanya nini? Ama afunge biashara wiki mbili, ama achume kabla ya wakati. Na watu huchuma, jambo linalojulikana na kila anayelima pembezoni mwa jiji hili. Mimi sikutaka kuwa mmoja wao, na sikuwa na uwezo wa kufunga wiki mbili.

Tena viwavi wenyewe walikuwa hawafi. Yule kiwavi mdogo wa kijani anayening'inia kwa uzi ukigusa jani ni mtoto wa nondo mwenye alama za almasi mgongoni, na sifa yake mbaya inajulikana dunia nzima. Mwaka 1953 huko Java, Indonesia, iliripotiwa kwamba amezoea DDT, dawa ya kemikali ya wakati ule, haimuui tena, na tangu hapo amekuwa akizoea dawa moja baada ya nyingine. Majirani walikuwa wakiongeza kipimo, wakichanganya chupa mbili, tatu, na majani bado yanatoboka.

Dawa hai ya kwanza niliyoishika vizuri ni ile ya bakteria anayeitwa Bacillus thuringiensis, ambaye wakulima humwita Bt tu. Historia yake huwa inanigusa. Mwaka 1901 huko Japani, mwanasayansi Shigetane Ishiwata alikuwa akitafuta kinachoua viwavi wa hariri, na ndipo akamkuta bakteria huyu. Mwaka 1911 Mjerumani Ernst Berliner akampata tena kwa viwavi wa nondo wa unga katika jimbo la Thuringia, na jina likatoka huko. Yaani ugonjwa uliowatia hasara wafugaji wa hariri ndio leo unaniokolea sukuma wiki.

Namna anavyofanya kazi ni lazima uielewe, kwa sababu usipoielewa utasema umeibiwa. Bakteria huyu hutengeneza chembe ya protini. Kiwavi akila jani lililopigwa, chembe ile inaingia tumboni mwake, na tumbo la kiwavi lina hali ya kinyume na asidi. Hapo ndipo inayeyuka, inashika ukuta wa utumbo na kuutoboa. Tumbo la binadamu lina asidi, tena kuta zake hazina mahali ambapo protini hiyo inaweza kujishika, kwa hiyo haitutendi hivyo. Kiwavi anaacha kula ndani ya saa chache, lakini kufa kunachukua siku mbili, tatu, hata zaidi. Hapa ndipo watu wengi huachia njia.

Nakumbuka nilivyopiga jioni moja, na asubuhi yake mzee jirani akapitia kwa ua. Akageuza jani moja, akaona kiwavi yupo pale chini, mzima, anasogea. "Mama, hii dawa yako ni maji," akaniambia. Nikamwomba, "Mzee, usiangalie kiwavi. Angalia jani." Tukainama wote wawili. Karibu na kiwavi kulikuwa na matundu ya jana, kingo zake zimeshaanza kukauka na kuwa za rangi ya kahawia. Tundu jipya huwa na ukingo wa kijani kibichi, na kwa kawaida chini yake, juu ya jani la pili, utakuta kinyesi kibichi, vipunje vya kijani vinavyong'aa. Havikuwepo. Vilivyokuwepo vilikuwa vikavu na vyeusi. Kiwavi alikuwa hai lakini alikuwa ameacha kula, na mimi sikuhitaji kingine kutoka kwake. Siku ya pili alikuwa amelegea na kubadilika rangi. Mzee hakusema kitu, ila jioni yake alirudi kuuliza pakiti inaitwaje.

Tangu siku hiyo naamini kinachobadilika kwanza ni macho ya mkulima. Dawa ya kemikali ilitufundisha kuhesabu maiti asubuhi. Hizi zinataka usome jani: je, linaendelea kuliwa? Pia zinataka uwahi, kwa sababu kiwavi mdogo aliyetoka kwenye yai juzi hufa kwa kipimo kidogo sana, ilhali yule aliyenenepa anaweza kula, akaugua kidogo, akaendelea. Kwa hiyo mimi hutembea katikati ya mistari mara kwa mara na kugeuza majani hata kama shamba linaonekana zuri kutoka barabarani. Mayai nikiyaona, najua siku ya kupiga imekaribia.

Jambo lingine ni mdomo wa mdudu. Mama mmoja hapa mtaani alinunua Bt akapiga vidukari, wale wadogo wa kijivu wanaojazana chini ya jani la sukuma hadi linajikunja. Hakuna aliyekufa, na haingewezekana wafe. Kidukari hatafuni jani. Ana mrija, anauchoma ndani na kufyonza maji ya mmea, kwa hiyo kilichopakwa juu ya jani hakifiki tumboni mwake. Muuzaji alimpa Bt kwa sababu alisema "wadudu wa sukuma" bila kutaja ni wadudu gani. Siku hizi nawaambia watu wabebe jani lenyewe ndani ya mfuko wa karatasi waende nalo dukani.

Kwa wanaofyonza, kuvu ndiyo huja juu, kwa sababu kuvu haingoji kuliwa. Inaingia kwa ngozi. Hapa Kasarani tuna bahati ya kukaa karibu na icipe, kituo kikubwa cha utafiti wa wadudu kilichoanzishwa mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo, Mkenya aliyeamini kwamba matatizo ya wadudu wa Afrika yatatuliwe na wanasayansi wanaofanya kazi Afrika. Katika maabara zao walichunguza kuvu nyingi za jamii ya Metarhizium, na baadhi zikapewa namba ambazo leo utazikuta kwenye lebo za dawa: ICIPE 69, ambayo asili yake ni udongo wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na hutumiwa kwa vithiripi, wale wadudu wadogo wembamba, na ICIPE 78 ya utitiri mwekundu. Mimi huona fahari nikizisoma. Tumezoea kuona dawa za mimea zikija kwa meli kutoka mbali, na hii imetoka Thika Road.

Kuvu yenyewe inauzwa kama mbegu zake ndogo sana, spora, nyingine kwenye mafuta, nyingine kama unga. Spora ikimwangukia mdudu inajishika kwenye ngozi yake, na kama kuna unyevu wa kutosha inachipua, inatoa kimeng'enya cha kulainisha ngozi ile na kujisukuma hadi ndani. Huko inakua ikinywa damu ya mdudu mpaka afe, baada ya siku kadhaa. Baadaye, palipo na unyevu, inatoka nje tena, kwanza nyeupe, kisha kijani, ikiwa imebeba spora mpya.

Hili nililiona kwa macho yangu pasipo dawa yoyote. Nilikuwa nachimba kando ya lundo la mboji nikakuta funza mnene wa mbawakawa, wale weupe wanaojikunja. Huyu alikuwa amekauka, hapondeki kwa vidole, na mwili wote umefunikwa unga wa kijani uliokoza. Kwenye mikunjo ya mwili bado palikuwa na weupe ambao haujageuka. Nikipuliza, unga unatoka kidogo. Nilimweka juu ya karatasi nikawaita watoto waje waone. Kuvu hizi zimekuwa ardhini siku zote. Mwaka 1879 Élie Metchnikoff alishaandika kuhusu kuvu hiihii kwa mbawakawa walioharibu nafaka huko Urusi ya wakati ule, na akapendekeza itumike kuwaua. Watu wa maabara wameichagua iliyo kali, wakaizidisha, wakaifunga kwenye pakiti. Wanapotuambia tusiue udongo kwa dawa kali, mimi humfikiria yule funza.

Kwa hiyo masharti yake nayachukulia kwa uzito. Mwanga wa jua wenye miale mikali unaua spora, basi napiga kuanzia saa kumi na moja jioni, jua likiwa limelala upande wa jiji. Usiku unaleta umande na unyevu, na hizo saa za giza ndizo spora inazozihitaji ili ichipue. Napiga chini ya jani kuliko juu, kwa sababu utitiri na inzi weupe wanakaa chini, na chini ndiko kuna kivuli kesho yake. Maji ya mfereji yana klorini, kwa hiyo huyaacha kwenye ndoo wazi usiku kucha kabla ya kuchanganya. Na nina pampu mbili za mgongoni. Moja imefungwa utepe mwekundu, hiyo haiguswi na dawa nyingine yoyote, maana mabaki ya dawa ya ukungu ndani ya bomba yanatosha kuua kuvu yako yote. Kuvu ni kuvu. Dawa ya ukungu haijui ipi ni rafiki.

Hilo la mwisho limewaumiza watu wengi ninaowajua. Jirani wa upande wa chini alipiga Metarhizium kwenye nyanya zake, siku mbili baadaye akaona madoa ya ugonjwa kwenye majani, akapiga dawa ya ukungu ya kawaida juu yake. Utitiri ukazidi, na mpaka leo anasema kuvu ni utapeli. Mimi nilimwelewa. Hakuna aliyemwambia. Alipewa pakiti bila maelezo, na maandishi yaliyokuwa kwenye lebo yalikuwa ya Kiingereza, herufi ndogo ajabu. Ninaona hii ndiyo dhuluma kubwa kwenye biashara hii: unamuuzia mtu kiumbe hai bila kumweleza jinsi ya kukiweka hai.

Baridi nayo ina neno lake. Kuvu nyingi za aina hii hupenda joto la nyuzi 25 hadi 30, na kipupwe cha Juni na Julai hapa Nairobi usiku hushuka mbali chini ya hapo. Haimaanishi hazifanyi kazi, ila zinakawia, na wadudu nao wanakawia kuzaana, basi mambo yanakwenda polepole pande zote. Ndani ya kivungulio tofauti ni kubwa. Ila kwenye kipupwe hichohicho nyanya za nje hushikwa na ule ugonjwa wa majani unaoleta mabaka meusi yenye ukungu mweupe chini yake, unaokula shamba zima ndani ya wiki. Hapo siwadanganyi watu. Dawa hai pekee siitegemei kwa ugonjwa huo mvua na baridi vikishikana. Napanda nje wakati mwingine wa mwaka, napunguza majani hewa ipite, na ikibidi natumia dawa ya shaba na kuheshimu muda wake wa kusubiri.

Mahali ambapo sina wasiwasi hata kidogo ni kitalu. Kila anayesia mbegu anajua kinyausi: leo miche imesimama vizuri, kesho imelala, shina limekatika pale linapogusana na udongo, limekuwa jembamba na la rangi ya kahawia. Kinacholeta ni vimelea vya udongoni, na mara vinapoingia kitaluni vinatembea kwa duara, mche hadi mche. Mimi nachanganya Trichoderma kwenye mboji iliyoiva siku kadhaa kabla ya kusia. Kuvu hii inakua upesi kuliko zile mbaya, inachukua nafasi na chakula, na zaidi ya hapo inazizungukia nyuzi za kuvu adui, inazichana kwa vimeng'enya na kuzila. Inakaa pia juu ya mizizi ya mche na kuandamana nao hadi shambani. Siri ni kuiwahisha. Ikifika ya kwanza, udongo unakuwa wake. Ikifika baada ya kinyausi kuanza, utaokoa miche michache tu. Na inataka mboji, inataka kitu cha kula. Kwenye udongo mtupu uliochoka haikai, jinsi ambavyo mgeni hakai nyumba isiyo na moto jikoni.

Kwa nyanya kuna adui mmoja ambaye nimekubali kwamba hazuiliki kwa pakiti: mnyauko wa bakteria. Mmea unanyauka mchana ungali kijani, jioni unajifufua kidogo, baada ya siku chache umekwisha. Ukitaka kuhakikisha, kata shina karibu na chini, lisimamishe kwenye glasi ya maji safi, usiitikise. Baada ya dakika chache utaona uzi mweupe kama wa maziwa ukishuka kutoka kwenye mkato. Hao ni bakteria, kwa mamilioni. Niliwahi kuwaonyesha kina mama wa kikundi chetu, na mmoja akasema hatasahau. Ukiuona uzi ule, usinunue chochote. Ng'oa mmea na udongo wake, toa nje ya shamba, safisha jembe, na hapo usipande nyanya, viazi, biringanya wala hoho kwa misimu kadhaa. Muuzaji yeyote anayekuahidi kwamba kijidudu chake kitaufufua mmea huo anataka pesa zako.

Kuna pia mtindo wa kuchachusha madumu nyumbani: sukari guru, maziwa, udongo wa msituni, matunda yaliyooza, ukingoja wiki mbili ukapige shambani. Najua watu wazuri wanaofanya hivyo, na kwenye mboji au chini ya miti ya matunda sina ugomvi nao. Juu ya majani ya sukuma nakataa. Huwezi kujua umezalisha nini ndani ya dumu lile. Bakteria wa kuharisha nao hupenda sukari na joto. Dawa iliyosajiliwa na PCPB, bodi ya serikali inayodhibiti dawa za mimea, imepimwa ijulikane ni aina gani ya kijidudu kilichomo. Hata hizo napiga nikiwa nimevaa barakoa na glavu, kwa sababu vumbi la spora linaweza kumletea mtu mzio kifuani.

Watu wa Nairobi wakinisikia nikizungumza hivi hudhani ni mambo ya bustani za mjini tu. Kwetu ni Makueni, na huko jambo hili lina uzito mwingine. Mwaka 2004 sumukuvu iliingia kwenye mahindi ya ukambani. Watu 317 waliripotiwa kuugua na 125 wakafa, wengi Makueni na Kitui. Mahindi yalikuwa ya ghala la nyumbani, ya kupika muthokoi na ugali. Kuvu inayotengeneza sumu hiyo, Aspergillus flavus, inaanza kushika mahindi yakiwa bado shambani, hasa mwaka wa ukame, na hakuna anayeweza kuichagua kwa macho ikamalizika.

Suluhisho mojawapo lililokuja baadaye ni kuvu kwa kuvu. Ndani ya jamii ileile ya Aspergillus flavus kuna zile ambazo haziwezi kutengeneza sumu. Watafiti walizikusanya hapahapa Kenya, wakazipaka kwenye punje za mtama uliochomwa usiweze kuota, wakaiita Aflasafe KE01, na KALRO, shirika la serikali la utafiti wa kilimo, hutengeneza bidhaa hiyo Katumani, Machakos. Mkulima anamwaga kwa mkono kilo 10 kwa hekta, yaani kama kilo 4 kwa ekari, wiki mbili au tatu kabla ya mahindi kutoa maua, udongo ukiwa na unyevu. Kuvu isiyo na sumu inakula mtama ule, inazaana, inaijaza hewa ya shamba na kukalia mahindi kabla ya ile yenye sumu. Mama yangu hupita mstari kwa mstari akimwaga, na huwa simsaidii kwa sababu anasema natupa nyingi. Yeye alizika majirani mwaka ule. Hahitaji kuelezwa maana ya kijidudu kizuri.

Lakini hata huko masharti ni yaleyale. Ukimwaga udongo ukiwa mkavu, punje zinabaki juu na ndege wanazila. Ukichelewa mpaka mahindi yamekomaa, kiti kimeshakaliwa. Na bado lazima uyakaushe vizuri, uyahifadhi pakavu.

Niseme pia kuhusu kuzoea, kwa kuwa naona watu wameanza kuipiga Bt kila wiki wakiamini kwamba haina mwisho. Yule nondo wa almasi aliyeishinda DDT ndiye huyohuyo aliyeripotiwa huko Hawaii mwaka 1990 kuwa ameanza kuishinda Bt kwenye mashamba. Tukiipiga ovyo, tukipiga na pale pasipohitajika, tutampoteza bakteria huyu pia. Mimi huipumzisha. Nabadilisha na dawa ya mwarobaini, naondoa mabaki ya sukuma kuukuu yote kabla ya kupanda mapya, na nawaacha nyigu wadogo weusi wanaotaga ndani ya viwavi wafanye kazi yao. Hawa huondoka kabisa ukipiga dawa kali, na ilinichukua muda kuona kwamba shamba lililowapoteza linakuwa na kazi mara mbili. Kwa nyanya vilevile: Tuta absoluta, aliyeingia Kenya mwaka 2014, huchimba ndani ya jani na kukaa humo, ambako Bt haimfikii. Mtego wa kunasa dume hunionyesha ni lini nondo wameongezeka, na hapo ndipo napiga, viwavi wakiwa ndiyo kwanza wanatoka kwenye mayai.

Kinachotusumbua kweli hapa Mwiki ni duka. Kampuni zinafunga dawa hizi kwa ajili ya mashamba makubwa ya maua na maharagwe ya kuuza nje. Pakiti inatosha eneo ambalo mimi na majirani zangu wote kwa pamoja hatulifikii, na ikifunguliwa haidumu. Halafu ukiingia agroveti unaikuta imepangwa dirishani, jua la mchana linaipiga moja kwa moja, pembeni ya vyakula vya kuku. Nimewahi kumwambia kijana wa duka, "Mwanangu, hii ndani yake kuna kitu kinapumua." Alicheka, lakini wiki iliyofuata alikuwa ameihamishia rafu ya chini nyuma ya kaunta. Siku hizi kabla sijalipa naomba kuona tarehe ya kutengenezwa na ya kuisha, na naulizia imekuwa ikiwekwa wapi. Muuzaji akikasirika naenda duka lingine.

Kuhusu ukubwa wa pakiti, tumepata njia yetu. Kikundi chetu cha kina mama tunachanga, tunanunua moja, inakaa kwenye friji ya mwenzetu mmoja ambaye stima yake haikatiki mara kwa mara, ndani ya kopo lenye mfuniko lililoandikwa lisichanganywe na chakula. Siku ya kupiga tunapatana mapema, ili pakiti ikifunguliwa iishe jioni hiyohiyo. Kila mmoja anakuja na pampu yake imeoshwa, na tunainusa kabla ya kupimiwa. Yenye harufu ya dawa nyingine inarudishwa ikaoshwe tena kwa sabuni. Mzee jirani naye amejiunga, ingawa ni kikundi cha kina mama, na tumemkubali kwa sharti kwamba asipige dawa ya ukungu kwenye nyanya zake upande wa ua wangu ile wiki tunayotumia kuvu. Mvua ya vuli ikianza Oktoba tutasia kitalu kimoja cha pamoja chenye Trichoderma, na tumeshaanza kugeuza mboji.